Kiti cha ngozi hakishibishi mtu

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salamu tu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua zikiwa ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muivumilie maana ina wiki sasa inanikaa kooni. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu humu kwamba mgahawa wowote mjini usiokuwa na marumaru, kiyoyozi na viti vya maana ufungwe, eti unatutia aibu mbele ya wageni, na akina mama lishe waondolewe mpaka watakapokuwa na hadhi. Hilo neno hadhi kalirudia mpaka nikahisi mwenzetu njaa yake ni ya hadhi siyo ya chakula. Sasa mi sijasomea mambo ya hoteli, mi nauza nguo Kariakoo na mzigo naufuata mwenyewe China tangu 2013, ila huko huko kwa hao wageni anaowaonea aibu nimekula mahali ambapo yeye angepafunga kabla hajavuka kizingiti.

Ni Guangzhou, upande wa Xiaobei. Wanaofuata mzigo kule wanapajua, ukishatoka kituo cha treni ya chini ya ardhi tu unasikia Kifaransa, Kilingala, Kiarabu, na Kiswahili cha kila namna, cha kwetu, cha Mombasa, cha Lubumbashi kule Kongo, na kila mtu ana kikokotoo mkononi na mfuko mweusi wa sampuli. Safari yangu ya kwanza nilikaa siku nne nakula mkate na mayai ya kuchemsha maana kila nikinusa jikoni kwa watu naambiwa nguruwe, mpaka Ijumaa nikaenda kusali kwenye ule msikiti wenye kaburi ambalo wenyewe husimulia ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, pale watu hujaa mpaka wengine wanatandika mikeka nje, tukitoka nikaona kundi zima linakata kona moja na mi nikalifuata bila kuuliza. Njaa haiulizi ramani.

Kumbe wanaenda kwa mzee mmoja Mchina Mwislamu, wale wanaitwa Wahui, kahamia Guangzhou kutoka jimbo la Henan huko kaskazini. Bango lake ni la kijani, lina maandishi ya Kichina na neno halali kwa Kiarabu, na limekaa upande. Ndani kuna meza tisa hivi, stuli za plastiki zile ambazo mtu wa mwili kama mimi anakaa huku anasoma dua. Sakafu inateleza. Feni moja. Kelele kama mnadani, vijiti vimesimamishwa kwenye kopo, menyu ni karatasi imebandikwa ukutani na mafuta ya miaka yote yako juu yake. Weita hamna. Unapaza sauti kuelekea jikoni, unatafuta stuli iliyo wazi, unakaa hapo hata kama mezani kuna familia ya watu, hakuna anayekuuliza nani kakukaribisha kwa sababu meza haina mwenyewe, mwenyewe ni anayekula kwa wakati huo.

Na kinachouzwa ni kimoja, jiaozi. Sisi tulikuja kuziita sambusa za kuchemsha, japo ukiiona haifanani na sambusa, ina umbo la sikio au mwezi mchanga, unga mwembamba umefungwa kitu ndani kisha ikatoswa kwenye maji ya moto. Za kondoo na karoti, za ng'ombe na vitunguu, za mayai na yale majani ya vitunguu yenye harufu kali, basi, menyu imeisha. Ukitaka wali nenda kwingine. Ukitaka chipsi, pole.

Hapo ndo niliaibika mwaka ule wa kwanza na naomba nisimulie maana bado nachekwa. Kumbe kule jiaozi haziuzwi kwa sahani wala kwa kuhesabu moja moja, zinauzwa kwa mizani ya unga, kipimo chao kinaitwa liang ambacho ni gramu 50, na kwa yule mzee liang moja inatoka vipande 6. Mi sikujua hayo, nilitaka sahani mbili tu za kuonja, basi nikamnyooshea mzee kidole gumba na cha shahada, mbili, kama ninavyowaonyesha wateja dukani kwangu kila siku. Mzee akaniangalia, akaniangalia tena, akauliza kitu, mi nikatikisa kichwa ndiyo ndiyo huku nimenyoosha vile vile. Zikaja sahani. Zikaja nyingine. Meza ikajaa, watu wa meza wakaanza kusogeza mabakuli yao. Mama mmoja wa Lubumbashi aliyekaa pembeni yangu akashika mdomo, "Eeh mama, ile ni munane, haiko mbili!" Ndo akanieleza kwamba kwa Wachina gumba na shahada ni nane, mbili ni shahada na cha kati. Yaani mimi peke yangu na tumbo langu nimeagiza vipande 48, karibu nusu kilo ya unga achilia mbali nyama. Mgahawa mzima ukacheka, mpaka mpishi akachungulia kuona huyo bibi mlaji katoka nchi gani.

Nilikula kumi na nne. Zilizobaki alikula mama wa Lubumbashi, wakala Wamali wawili waliokuwa wamesimama wakisubiri nafasi, na kijana wa Kichina wa kusukuma mizigo ambaye hakusema neno, alivuta stuli akakaa akachukua vijiti. Na bili ya yote hayo, Mhariri, haikufika nusu ya sahani moja ya kuku ninayouziwa kwenye mahoteli ya hapa mjini yenye hiyo hadhi.

Sasa nimwambie msomaji mwenzangu nilichokiona jikoni, maana jiko la pale liko wazi na kila safari napenda kukaa stuli inayolitazama. Kuna kibao kirefu, wanawake watatu wamesimama. Mmoja anakata donge vipande, anakibonyeza kwa kiganja, kisha anashika kifimbo kidogo kama cha chapati lakini kifupi, mkono wa kulia unasukuma mkono wa kushoto unazungusha, yaani kile kipande kinazunguka kama santuri na kila mzunguko pembeni panakuwa pembamba ila katikati anapaacha panene. Nilidhani ni uzembe. Siyo, katikati ndo panabeba nyama na pembeni panakunjwa mara mbili, pakiwa panene unatafuna unga mbichi. Wa pili na wa tatu wanafunga, kijiko kimoja cha nyama, wanakunja, wanaminya kwa vidole gumba vya mikono yote kwa pamoja, tap, imefungwa, inatupwa kwenye sinia. Wanaongea muda wote na hawatazami mikono.

Mzee mwenyewe kazi yake ni sufuria. Maji yakichemka anatosa, anakoroga mara moja kwa mgongo wa mwiko zisigande chini, yakipanda povu anamimina kikombe cha maji baridi, yakipanda tena anamimina, mara tatu. Nilimuuliza kupitia kwa kijana anayejua Kiingereza kwanini, akajibu kwamba ukiacha moto ufanye unavyotaka unga unapasuka kabla nyama haijaiva. Zikielea zimevimba tumbo anazivua kwa kichujio cha waya na zinakwenda mezani moja kwa moja, hakuna kuhifadhi, hakuna kupasha. Yale maji ya kuchemshia hayamwagwi, anakuletea kwenye bakuli bure unywe baada ya kula, ni meupe kama maji ya tambi, hayana chumvi. Mara ya kwanza nilidhani ni ya kunawa. Afadhali sikunawa.

Mezani una siki nyeusi, una mafuta ya pilipili, una kitunguu saumu kibichi kwenye kibakuli, hicho unamenya mwenyewe na unakitafuna hivyo hivyo kati ya tonge na tonge. Wenyewe wanakula kama karanga. Ukirudi hotelini usimkaribie mtu.

Huyo mzee anatoka Nanyang, na watu wa Nanyang wana hadithi yao ambayo hamalizi kuisimulia. Wanasema zamani sana, enzi ya Han, miaka 1,800 na kitu iliyopita, kulikuwa na tabibu wa kwao anaitwa Zhang Zhongjing, tabibu wa kweli huyo, yupo kwenye historia ya dawa za Kichina na Nanyang ana jengo lake la kumbukumbu. Basi inasimuliwa alirudi kwao wakati wa baridi kali akakuta masikini masikio yamekufa ganzi yanataka kudondoka, akachemsha nyama ya kondoo na mizizi ya dawa, akaikatakata, akaifunga kwenye unga kwa umbo la sikio, akawa anagawa bure na supu yake. Ndo maana mpaka leo watu wa kaskazini siku ile ya Desemba ambayo usiku ni mrefu kuliko zote lazima wale jiaozi, asiyekula huambiwa masikio yatamdondoka. Wengine wanaongeza kwamba alitia na pilipili, hapo mi naweka alama ya kuuliza, pilipili hizi zimetoka bara la Amerika na tabibu alishakufa miaka zaidi ya elfu moja kabla hazijavuka bahari. Ila hadithi ni hadithi. Nachojua ni kwamba huko Turpan, jangwani Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, kwenye makaburi ya enzi ya Tang walikuta jiaozi zimekauka zaidi ya miaka 1,000 na umbo ni lile lile ninalokula mimi Xiaobei. Na kama hadithi ya wazee wa Nanyang ni kweli basi cha kwanza kabisa kiligawiwa watu waliosimama kwenye foleni, hakuna aliyeuliza kiti.

Narudi kwenye hoja ya ndugu yangu. Mwezi uliopita nilikwenda na wageni wangu wa biashara kwenye mgahawa mmoja hapa Dar, silitaji jina, una kila kitu anachokitaka yeye, viti vya ngozi, kiyoyozi mpaka unavuta mtandio, menyu nene kama msahafu ina pitsa, biriani, pilau, samaki wa nazi, tambi za Kitaliano na vya Kichina pia. Tuliagiza saa saba na dakika kumi. Saa nane na nusu weita mwenye tai akaja kutuambia samaki hakuna. Kuku alikuja saa tisa kasoro, nje wa moto ndani kwenye mfupa baridi, na mtu yeyote aliyewahi kupasha kitu kilichotoka kwenye friza anajua ile ni habari gani. Mgahawa una meza thelathini na tulikuwa meza mbili tu tuliokaa. Sasa mtu mwenye menyu ya vyakula themanini na wateja kumi, hivyo vyakula sabini vingine viko wapi? Viko kwenye friza, vinatusubiri mimi na wewe tujikanyage.

Pale kwa mzee nyama iliyosagwa alfajiri saa nane mchana haipo, imeshaliwa, hata angetaka kuniuzia kiporo hana. Foleni ile ndo friji yake. Ule msongamano ambao ndugu yangu anauona aibu ndo unaonipa imani ya kula, na mi nilishaanza kufanya hivyo hata hapa nyumbani, nikifika mji nisioujua sitafuti bango zuri, natafuta madereva na makuli wamekaa wapi.

Sisemi kila kitu pale ni sukari. Safari moja niliteleza na bakuli nikaangukia mguu wa mtu mzima wa watu. Wazee wengine wanavuta sigara huku unakula. Choo tusikizungumze. Na zaidi ya hapo kuna mwaka 2020 ambao siwezi kuuruka nikijifanya Guangzhou yote ni kucheka na vidole, Aprili ile ya corona Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, migahawa mingine ikawazuia mlangoni, ilitangazwa dunia nzima na mabalozi wa Afrika wakalalamika. Mdogo wangu alikuwa kule. Mahali alipozoea kula, penye makochi, walimfungia mlango akiwa anawaona ndani kupitia kioo. Siwezi kudai yule mzee angekuwa malaika maana yeye siku hizo alikuwa amefunga, kwa hiyo sijui, na mdogo wangu mpaka leo hataki kusikia habari za kurudi.

Mi nilirudi 2023 viza zilipofunguliwa. Nilidhani sitamkuta. Nimeingia, mzee kaniona, hajasema karibu wala nini, akanyoosha gumba na shahada juu kabisa watu wote waone. Miaka yote ile! Nikamwonyesha mbili sahihi, ya shahada na cha kati, kwa heshima zote. Tatizo likaja kwenye kulipa, siku hizi hakuna anayetaka noti, kuna kimraba kimebandikwa ukutani unaskani na simu, na simu yangu kadi ya nyumbani ikawa inagoma, nimesimama na noti ya yuan mkononi kama mtu aliyekuja na senti za mkoloni. Kijana wa nyuma yangu akanilipia na simu yake, nikampa noti, akaenda zake.

Ila kuna kitu kimoja pale ndugu yangu angekidai ningemuunga mkono kwa miguu yote. Ukutani, karibu na mlango, kuna karatasi ya ukaguzi wa serikali, ina herufi A, B au C na katuni ya uso, A uso unacheka, B unatabasamu, C haucheki wala haujanuna. Ya mzee ni B. Kila anayeingia anaiona, tajiri na kuli, na inabandikwa hata kwenye hoteli kubwa. Hicho kitu tuletewe, maji ya bomba ya kunawa tuletewe, pa kumwaga uchafu tuletewe, mama lishe akaguliwe na yule mwenye viti vya ngozi akaguliwe vile vile, tena jikoni, siyo ukumbini. Lakini ukaguzi wa kuhesabu marumaru huo ni wa fundi siyo wa bwana afya.

Tena hatukuhitaji hata kwenda China kuyajua haya. Muuza pweza pale Feri, soko la samaki la hapa Dar, ana nini? Ana meza, kisu, bakuli la pilipili na vijiti vya meno. Watu wamemzunguka wamesimama, wenye suti na wenye ndala, anakata kipande unachoma unachovya unalipa kwa ulivyohesabu, jioni haijaingia sinia jeupe. Hauzi pitsa. Tangu nimepata akili nakula pweza pale na sijawahi kuumwa tumbo, mahoteli yenye hadhi yameshanilaza hospitali mara mbili. Ukimwambia huyo mtu anunue kiyoyozi kwanza, atapandisha bei, wenye ndala wataondoka, pweza atalala, na akishalala ndo ataanza kuwa na harufu ambayo leo hana.

Mimi mwenyewe mchana nakula kwa mama mmoja nyuma ya mtaa wetu wa maduka, ana mabenchi mawili na turubai, anapika wali maharage na samaki wa kukaanga tu, hajawahi kubadilisha na hatumruhusu. Nakaa benchi la pili. Kama msomaji mwenzangu ana nafasi aje siku yoyote tuongee vizuri, sahani yake nitalipa mimi, ila asipitilize saa saba na nusu maana samaki huwa wanaisha.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mfanyabiashara wa nguo,
Kariakoo, Dar es Salaam.